Mwaka Tulipobadili Mtutu

Jamna amefariki. Habari ililetwa na mwanawe mkubwa, ambaye naye sasa ana mvi. Alinikuta uani napeta uwele, na aliposema "Shikamoo, mama" kwa sauti ya chini vile, niliujua msiba kabla hajaketi. Nilijifunga kanga, nikaenda naye mjini. Wanaume walimpeleka kumchoma kwa desturi ya kwao, nasi wanawake tukabaki chumba cha ndani, kila mmoja akilia kwa lugha yake. Machozi yalipotulia, mjukuu wake mmoja aliniuliza ilikuwaje mimi, Mgogo wa Mkonze, na bibi yake, mke wa fundi wa Kihindi, tukawa kama tuliozaliwa tumbo moja. Nikamwambia, "Tulikutanishwa na bunduki." Wasichana walicheka, wakidhani bibi kizee anafumba. Sikuwa nafumba. Njia nzima ya kurudi Mkonze niliufikiria mwaka ule, na tangu siku hiyo haujaniacha. Nikisonga ugali uko nami, nikienda kisimani uko nami. Basi acha niusimulie, huenda ukanipa nafasi nimlilie Jamna vizuri.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na kupita, na kambi za wajenzi zilikuwa zikisogea kila mara kuelekea Tabora. Mume wangu Salimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwindaji, mtu mrefu mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Yeye aliniita Mgogo nami nikamwita Mrangi. Ulianza kama utani wa siku za uchumba, ukawa ndilo jina la mapenzi, na hata leo mtu akitamka "Mrangi" sokoni, mimi hugeuka. Tulikaa Mkonze katika tembe ya chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya mbuzi. Paa lilikuwa la udongo, la chini, na Salimu ilimbidi ainame mlangoni na aendelee kuinama mpaka afike kwenye kigoda. Bunduki ilining'inia juu ya lindo la uwele, lile pipa la magome ya mti la kuwekea nafaka, mahali pakavu kuliko pote nyumbani, na usiku wangu wa kwanza humo nilidhani ameiweka hapo ili alale karibu nayo. Baadaye nilielewa kwamba aliiweka mbali na kitanda kadiri chumba kilivyoruhusu.

Bunduki yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya Bwana Anton, Mjerumani mfuga ng'ombe wa Makutupora, na kibali cha boma kilikuwa kwa jina lake. Lakini Bwana Anton alikuwa amezeeka miguu. Hakuweza tena kufuata mnyama porini, kwa hiyo Salimu ndiye aliyewinda, na nyama ikapelekwa kwa wajenzi wa reli. Bwana Anton alimpenda Salimu kama mtu anavyompenda farasi mzuri. Salimu alilijua hilo na hakulikasirikia, kwa maana, alisema, farasi mzuri hulishwa na hapigwi. Kabla sijaolewa, mbogo alikuwa amemrusha katika pori la Kibaigwa akamvunja mfupa wa bega la kulia. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande, ukaacha nundu chini ya ngozi kama kokwa ya ubuyu. Watu wote walijua habari za mbogo yule, maana Salimu alikuja kumuua baadaye na pembe zake zilikuwa nyumbani kwa Bwana Anton. Habari za bega nilizijua mimi peke yangu. Kila jioni ya siku ya kuwinda nilichemsha maji sufuria nzima. Nusu ilikuwa ya mtutu, kwa sababu baruti za siku zile ziliacha chumvi ndani, na usipoosha jioni ile ile kutu inakula chuma. Nusu ya pili ilikuwa ya bega. Nilichovya kitambaa, nikakanda, naye akatazama ukutani asiniangalie. Mwanamke hujifunza mengi akimkanda mtu asiyemwangalia.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, Salimu alianza kurudi mikono mitupu. Alimjeruhi pofu mmoja, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, akamfuata mpaka kesho yake, akarudi na uso kama wa mtu aliyefiwa. Kwake kumwacha mnyama na jeraha porini ilikuwa aibu kubwa kuliko kukosa kabisa. Kisha siku moja alibandika karatasi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akapiga, akaniita nione. Tundu halikuwa la duara. Lilikuwa refu, kama alama ya kwato. "Risasi inakwenda ubavu," alisema. "Mtutu umekwisha. Ile mifereji ya ndani inayoizungusha imelika." Alisema kwa huzuni, lakini mimi niliyekuwa nimesimama kando yake nilikuwa nimeona jambo lingine. Kabla bunduki haijalia, macho yake yote mawili yalikuwa yamefumbwa.

Nililiweka moyoni. Asubuhi yake tulikwenda mjini pamoja, yeye na bunduki, mimi na kibuyu cha asali ya kuuza. Duka la Fundi Hirji lilikuwa karibu na stesheni, nyumba ya bati ambayo mbele ilikuwa karakana na nyuma ilikuwa makazi, na katikati lilining'inia pazia la turubai. Mbele palinuka mafuta ya mashine na vumbi la chuma. Ukivuka pazia palinuka samli, bizari na dengu zinazochemka. Nilikuwa sijawahi kuvuka. Salimu aliposimama na fundi kumsubiri Bwana Anton, pazia lilifunuliwa na mwanamke mwembamba mwenye bangili mpaka nusu ya mkono, akaniangalia na kibuyu changu, akasema, "Mdogo wangu, jua linakuchoma bure. Ingia." Huyo ndiye Jamna. Alininunulia asali yote, akanikalisha kwenye mkeka jikoni, akanipa chapati yenye samli. Nilipomuuliza kama na yeye anapenda nyama ya porini inayoletwa na wawindaji wa mumewe, alicheka mpaka bangili zikalia. Yeye na mumewe hawakuwa wameonja nyama tangu kuzaliwa. "Mume wangu anatengeneza bunduki za watu," alisema, "halafu anakuja huku nyuma kula dengu."

Tulikuwa bado tunacheka Bwana Anton alipofika. Turubai halizuii sauti. Tulimsikia akishuka kwenye punda wake, tukasikia fimbo yake sakafuni, kisha komeo la bunduki likifunguliwa na kufungwa.

"Mtutu huu umekufa, Bwana," alisema Fundi Hirji. "Lazima tuweke mpya. Sasa niambie, huo mpya ule nini?"

"Ule nini? Wewe weka mtutu tu."

"Mtutu si mtutu tu, Bwana. Tazama." Tulisikia vitu vidogo vya shaba vikiwekwa mezani kimoja kimoja. "Hii ni risasi ya milimita nane, aliyoizoea Salimu. Hii mpya, nene, ni ya tisa na kidogo, wenye mashamba wote wanaisifu. Hii nyembamba ni ya saba. Chini, maganda yote yana upana mmoja, komeo litazishika zote tatu bila mimi kubadili kitu. Kilichobaki ni mdomo tu. Ukichagua mdomo umechagua risasi, na ukichagua risasi umechagua kazi."

Bwana Anton aligonga fimbo sakafuni. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kilichonyooka kama rula. "Nane hapana. Nane ni ya askari. Kila nikienda kuomba risasi zake, boma linaniuliza maswali, nimechoka na maswali. Tisa. Kambi zinakwenda magharibi, huko kuna mbogo, kuna faru, kuna watu wengi sana wanataka kula. Salimu atafuata kambi mpaka Tabora, labda mpaka ziwani. Tisa inaangusha."

"Na Salimu anasemaje?" fundi aliuliza. "Yeye ndiye atakayeipiga."

Nilishikilia chapati bila kuila. Nilimngojea mume wangu aseme kitu chochote, hata akohoe.

"Ndiyo, Bwana," alisema Salimu. "Tisa."

Jamna aliondoa sufuria motoni, akaniangalia kwa muda. "Bega lake halijapona?" aliuliza polepole. Nilishtuka, maana sikuwa nimemwambia mtu. Alinyoosha kidole kuelekea pazia. "Nilipofunua pazia niliona ameiweka bunduki mezani kwa mkono wa kushoto. Mtu wa kulia haweki kitu anachokipenda kwa mkono wa kushoto." Ndipo nilipoanza kulia, jikoni kwa mwanamke ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa muda wa chapati moja. Hakunibembeleza. Alinipa vitunguu nimenye, ili wanaume wakiingia wapate sababu ya machozi yangu. Rafiki wa namna hiyo hatafutwi mara mbili.

Jioni ile nyumbani nilipika ugali na mlenda. Bunduki ilikuwa imebaki kwa fundi, na juu ya lindo palionekana pakubwa na patupu. Sikuwa na sababu ya kuchemsha maji, lakini nilichemsha. Salimu aliona nikichovya kitambaa, akavua shati bila kuambiwa, akageukia ukuta.

"Mrangi," nilisema, "hiyo tisa inapiga teke namna gani?"

"Kama punda."

"Na ile nane?"

"Kama beberu."

"Na saba?"

Alicheka kile kicheko chake cha ghafla. "Saba? Nasikia hiyo ni kama mtoto anapocheza tumboni."

Mkono wangu ulisimama begani pake. Mwezi ule sikuwa nimeona siku zangu. Nilikuwa nimejihesabia na kujihesabia upya, na nilikuwa karibu na uhakika. Ningeweza kusema pale pale, maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilijua nikiyasema yatakuwa kamba. Nilitaka kama atabaki, abaki kwa sababu yake mwenyewe, asije akaniangalia siku moja uzeeni kama mbuzi anavyouangalia mti aliofungiwa. Kwa hiyo nikasema lile lingine.

"Nimekuona ukifumba macho."

Maji yalidondoka kwenye udongo.

"Unajua pofu alijeruhiwa kwa nini. Mtutu ulikuwa mbovu, sawa. Lakini na wewe ulifumba. Sasa unataka punda akupige pale pale alipokupiga mbogo, na huyo faru akuangalie wakati macho yako yamefungwa?"

"Ulitaka nimwambie nini Bwana?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nimwambie Salimu, aliyemuua mbogo wa Kibaigwa, anaogopa bunduki? Mgogo, sikiliza. Saba haiangushi mbogo. Mwenye saba hafuati kambi. Mwenye saba anabaki hapa kufukuza nguruwe mashambani na kuleta swala kwa wake za makarani. Hiyo ndiyo saba."

"Na ubaya wake uko wapi?"

Alivaa shati likiwa bado limelowa mgongoni, akatoka nje. Ugali ulipoa. Nilimsikia uani akizungumza na mbuzi, jambo alilolifanya alipokuwa na uchungu, na nilikaa pale na bakuli nikiwafikiria wanaume wa jirani zetu waliokwisha kwenda magharibi na reli. Hakuna aliyekuwa amefukuzwa na mkewe. Walikwenda kazini tu, wakituma salamu. Kisha salamu zikawa chache, kisha tukasikia wamejenga nyumba Tabora. Hilo sikumwambia pia.

Kesho yake alfajiri alichukua fimbo, akasema anakwenda Makutupora. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, akala, akasifu mlenda, akalala. Nilisubiri aseme alichokifuata. Hakusema, nami kiburi changu cha ujana kikanizuia kuuliza. Nilijiambia amekwenda kupanga safari.

Sasa nikitazama nyuma, zile wiki za kungojea mtutu uje kwa treni kutoka Dar es Salaam ndizo tamu kuliko zote nilizoishi, ingawa wakati ule nilizipitisha na hofu. Hapakuwa na bunduki nyumbani, kwa hiyo palikuwa na mume. Mwindaji yule ambaye alikuwa akiondoka na umande alikuwa sasa anaamka na mimi. Tulivuna uwele pamoja. Alikata kwa mkono wa kushoto mpaka akazoea, kisha wa kulia ukaanza kumsaidia kidogo kidogo, na bega likashuka uvimbe. Alikarabati paa, akakanda udongo kwa miguu huku akiimba nyimbo za Kirangi ambazo sikuelewa na ambazo alikataa kunitafsiria. Mchana tulikula karanga mbichi kwenye kivuli cha ukuta, na alinieleza namna swala anavyosikiliza kwa mguu wa mbele uliokunjwa, namna nyumbu mzee anavyoachwa nyuma na wenzake. Alizungumza kuhusu wanyama kwa upole ambao sikuwa nimeutegemea kwa mtu anayewaua. Kila neno jema alilosema nililiweka akiba, nikijua nitakuja kulihitaji atakapokuwa Tabora.

Siku za soko nilikwenda kwa Jamna. Nilimfundisha kupika mlenda, chakula kimoja cha kwetu ambacho yeye na mumewe waliweza kukila bila wasiwasi, naye akanifundisha kusukuma chapati. Siku moja aliweka samli kwenye kikaango, harufu ikanipanda, nikakimbilia uani kutapika. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama na kata ya maji, anatabasamu.

"Mumeo anajua?"

"Hajui."

"Mwambie leo."

"Hapana, dada. Mtu anayekwenda kwenye faru asiende anageuka nyuma. Aende na moyo mzima. Nitamwambia akirudi."

"Na asiporudi?"

Aliona uso wangu, akalijutia swali lake. Aliniosha mdomo kwa mkono wake mwenyewe, kama mama. Baadaye alisema jambo ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote. Alisema hata yeye hajui mumewe anafikiri nini, kwa sababu anasema na chuma kutwa nzima na akija jikoni maneno yamekwisha, na kwamba labda ndoa ni kungojea tu upande huu wa pazia, ukisikiliza. Nilimwambia mimi sitaki kungojea upande huu. "Basi siku mtutu ukija," alisema, "vuka."

Uliletwa wakati wa upepo baridi, ule unaoinua vumbi jekundu la Dodoma mpaka usione mlango wa jirani. Kijana wa fundi alikuja kutuita, nami nilimwambia Salimu nakwenda naye. Alinitazama kwa mshangao lakini hakunikataza. Nilikuwa nimejifunga nguo nzito kwa ajili ya baridi, na pia kwa ajili ya tumbo. Nilidhani nakwenda kuiona risasi itakayomchukua mume wangu, na nilitaka niione kwa macho yangu.

Safari ile sikuingia jikoni. Nilisimama karakanani, na Jamna akatoka kusimama kando yangu, mkono wake ukinishika kiwiko. Fundi Hirji alifungua kasha refu la mbao, akatoa mtutu uliofungwa karatasi ya mafuta, akaufungua taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo. Ulikuwa mweusi, unang'aa. Salimu hakuusogelea. Alisimama mkono mmoja umeshika nguzo, na niliona jasho kwenye paji lake ingawa kulikuwa na baridi.

"Fundi," alisema, "ni upi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye hajui. Nilimgeukia lakini hakuniona. Alikuwa anaangalia mikono ya fundi. Hirji alichukua zile risasi rafuni. Aliweka pua ya ile nene mdomoni mwa mtutu, ikagoma. Akaweka ya nane, ikagoma. Akaweka ile nyembamba, ikazama kichwa na kutulia kama mtungi juu ya ngata.

"Saba," alisema fundi.

Salimu aliketi juu ya kasha tupu. Aliketi tu, akafunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa bado sijaunganisha jambo na jambo. Mlangoni fimbo ikagonga, na Bwana Anton akaingia, ndevu zake zimejaa vumbi, akatutazama sote kama waliokosea.

"Nilisema tisa," alisema. "Hapa hapa nilisema tisa. Kisha mtu akaja kwangu Makutupora kwa miguu, akavua shati barazani mwangu mbele ya watu, akasema, 'Bwana, tazama.' Nikatazama." Alipangusa vumbi ndevuni. "Bunduki ambayo anayeipiga anaiogopa, mwisho inamuua yeye. Nimezika rafiki kwa sababu hiyo."

"Na kambi, Bwana?" Salimu aliuliza bila kuinua uso.

"Kambini watapata mwindaji mwingine. Nyama ya magharibi sitaipata mimi, basi. Mimi nina nguruwe wanakula mahindi yangu. Utaanza na hao." Akageuka kwenda kwa punda wake, kisha akarudi nusu hatua, akasema kwa ukali, kana kwamba anatoa amri, "Na uendelee kukandwa hilo bega."

Tulirudi Mkonze tukiwa na upepo mgongoni. Nilimwacha atembee mpaka nyumba za mji zikaisha, ndipo nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Sikukuficha. Bwana hakunijibu. Alinigusa hapa kwenye nundu kwa kidole, akasema, 'Nenda nyumbani.' Sikujua kama amenionea huruma au amenidharau. Ningekupa tumaini ambalo mimi mwenyewe sina?"

"Ulivua shati mbele ya watu?"

"Mbele ya wachungaji wote, na mpishi," alisema. "Mbogo hakuwa kazi, Mgogo. Lile shati ndilo lilikuwa kazi."

Fundi alipomaliza kuufunga mtutu, Salimu alibandika karatasi kwenye kile kichuguu. Hakuniita, lakini nilitoka mwenyewe nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nilimtazama yeye, sikutazama karatasi. Alivuta pumzi, akaiachia, na bunduki ikalia mlio mkali, mwembamba, usiofanana na ule wa zamani. Macho yake yalibaki wazi. Alipiga tena, na tena, na baada ya kila mlio alibaki ameegemeza shavu pale pale, kama mtu anayesikiliza. Tulipokwenda kwenye karatasi tukakuta matundu ya duara, yamekaa karibu karibu kama vifaranga. Aliyagusa moja moja.

Nisije nikadanganya kwamba hakulipa. Wawindaji waliokuwa wakienda magharibi walimpa jina la Bwana Nguruwe, na lilimfuata mpaka sokoni. Siku treni yao ilipoondoka, alikwenda stesheni kuwaaga. Waliimba wakiwa juu ya mabehewa, bunduki zao nene mabegani, na mmoja akamrushia muwa akamwambia akawape nguruwe zake. Salimu alicheka pamoja nao. Alibaki amesimama pale mpaka moshi ukaisha, na alipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda bila kuinama kuvua viatu. Saba ilimtaka awe karibu sana na mnyama na asubiri ageuke vizuri, na mara nyingi mnyama hakugeuka, akaachwa aende zake. Kwa hiyo miezi ile tulikula mlenda mtupu mara nyingi kuliko mwanzo. Niliyaona yote hayo, na jioni ile ya treni niliogopa kuliko nilivyoogopa tisa. Niliogopa kwamba amebaki, lakini moyo umepanda behewa.

Nilichemsha maji kwa mazoea. Alivua shati, lakini hakugeukia ukuta. Alikaa ananitazama mimi, na nilipochovya kitambaa alinishika mkono.

"Halina uvimbe," alisema. "Gusa. Tangu mtutu ule uje halijavimba."

Niligusa. Mfupa ulikuwa na nundu yake ile ile, lakini nyama iliyouzunguka ilikuwa laini, ya mtu mzima asiye na maumivu. Nikasema, "Mrangi, unaijutia treni?"

Alifikiri kwa uaminifu. Hilo nililipenda kwake kuliko yote, kwamba hakukimbilia jibu zuri. "Leo, ndiyo," alisema. "Kesho sijui."

Basi niliweka kitambaa chini, nikauchukua ule mkono wake wa kulia, nikauingiza chini ya nguo yangu mpaka tumboni, nikauacha pale. Alinitazama bila kuelewa. Kisha alielewa. Aliondoa mkono kama aliyeungua, akaurudisha taratibu, na kwa muda mrefu tukasikia mbuzi tu wakitafuna upande wa pili wa ukuta.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla hujakwenda Makutupora."

"Na hukuniambia!" Alijaribu kukasirika, akashindwa, kicheko chake kikamtoka ghafla na machozi yakiwa tayari yameteremka kwenye mashavu. "Ewe Mgogo, ungeniambia mapema, ningemwomba Bwana hata ya sita."